Nyumba Isiyojua Vitu Vyake

Ujiji, Jumanne 20 Agosti 2024

Mwanangu Zuleha,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, miguu tu ndiyo inanisumbua. Barua hii anakuletea Bonifasi, nahodha wa boti ya Kibirizi. Nimeifunga kwa uzi mweupe mara tatu. Ikifika na uzi mwingine, ujue ameisoma.

Unalalamika kwamba hunipati hewani. Simu ipo humu humu ndani. Jumamosi niliisikia ikilia, nikaifuata mpaka chumba cha marehemu bibi yako, ikanyamaza. Ikalia tena, nikaifuata stoo, ikanyamaza. Jumapili chaji ikaisha, basi tena. Ni ya tatu hii tangu mwaka jana. Mimi sisemi kuna mtu, lakini simu haina miguu.

Kuna mtu anaingia humu ndani, Zuleha. Chumvi nanunua leo, kesho sina. Kadi yangu ya kliniki ya presha imepotea, nimekosa siku yangu mara mbili. Mkasi wangu wa kushonea uliondoka na Leonia jirani, na ndiyo maana mpaka leo tunapishana njiani bila salamu. Na aliyewazidi wote ni yule mke wa kaka yako Saad, aliyeondoka na kopo la bibi yako, mkufu na hereni zikiwa ndani. Siku ya ndoa tulimpa jina la Salma. Siku ya kopo nikarudi kumwita Gloriose, na ndivyo nitakavyomwita.

Usinianze tena na habari za ushahidi. Nilimsikia kwa masikio yangu, siku moja baada ya arobaini ya bibi yako, akiongea Kirundi simuni na mama yake wa Mwandiga: kopo, mama, ejo. Lugha zao sizijui, ila ejo naijua. Wauza mahindi wa Simbo wananiahidi ejo, ejo kila siku ya Mungu. Ejo ni kesho. Na mkoba wa kwenda kwa mama yake kesho yake ulikuwa umeshapangwa juu ya kitanda! Ungekuwa wewe ungewaza nini?

Nasikia amejifungua, mtoto wa kike. Nimesikia sokoni, kwa muuza dagaa. Mjukuu wangu wa kwanza naambiwa na mtu anayenipimia dagaa.

Mama yako,
Mwanne

Kagunga, Jumamosi 24 Agosti 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Uzi umefika mweupe, kwa hiyo Bonifasi mwache apumzike.

Nina habari ambayo Saad ameshindwa kukwambia. Amepata kazi Mpanda. Wanahama Simbo tarehe thelathini Septemba, yeye na mkewe na mtoto. Mama, Mpanda si Simbo, si mahali pa kwenda asubuhi ukarudi jioni. Wakishaondoka hivi walivyo, mtoto huyo utamwona akiwa anaenda shule.

Sasa nisikilize, na usikasirike. Nilipokuja Idd nilitafuta kisu cha jikoni nusu saa, nikakikuta kwenye kapu la viatu. Usiku nililala na gunia la karanga ubavuni. Ulikodi masufuria kwa jirani, na wewe una masufuria manne ya shughuli, nimekuwa nikiyaona tangu utoto wangu. Yako wapi? Ukasema ameazima mtu. Nani? Hukumkumbuka. Hapa zahanati stoo yetu ni ndogo kuliko choo chako, ina dawa zaidi ya mia, na yoyote utakayoitaja nakupa nimefumba macho. Si akili nyingi. Kila kitu kina kwake, na ukikitoa unakirudisha kwake. Basi.

Ninakutumia Caritas. Ni mama mtu mzima wa Mwandiga, amefanya usafi hapa kwetu miaka sita, sasa amerudi kwao. Fanyeni chumba kimoja kimoja, msirukie cha pili kabla cha kwanza hakijaisha. Kila kitu kitoke nje uani. Mafungu matatu: cha kutumia, cha kumpa mtu, cha kutupa. Kinachorudi ndani kipewe mahali pake, na makopo yaandikwe juu kilichomo. Mwachie afanye kazi, mama. Tafadhali.

Mwanao,
Zuleha

Ujiji, Jumanne 3 Septemba 2024

Zuleha,

Huyo mtu wako amefika. Mnene, mpole, anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Upole wake ndio unaonitia wasiwasi. Siku ya kwanza nimemuuliza anasali wapi, akanitajia. Nikamuuliza kama anamjua mama yake Gloriose. Eti, "Namjua, mama, tunasali pamoja." Umenifanyia nini wewe mtoto? Umeniletea shushushu!

Nimeweka kigoda uani nikakaa. Kila anachotoa nakiona, kila anachorudisha nakiona. Akienda chooni nasimama mlangoni mwa chumba. Yeye wala hajali, anasema tu, "Mama, hiki kinakaa wapi?" Mwanzo nilikuwa namjibu, "Weka popote." Akawa hasogei, anasimama na kitu mkononi kama askari, mpaka nimwambie mahali hasa. Amenichosha. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo katika nyumba hii mara nyingi hivyo.

Tumemaliza chumba cha bibi yako na sebule. Simu zote tatu zimepatikana: moja ndani ya mto, moja kwenye mfuko wa koti la marehemu baba yako, moja chini ya godoro. Chaja ndiyo bado haijaonekana, kwa hiyo tuendelee na barua. Chumvi pakiti kumi na moja. Kadi ya kliniki ilikuwa kwenye birika la kahawa, usiniulize. Mikasi mitano. Mmoja ni ule wa kushonea, ulikuwa nyuma ya kabati kubwa. Nafikiri Leonia aliurudisha alipoona nimenuna.

Kesho stoo. Nimemwambia Caritas stoo hafungui mpaka niwepo.

Mama yako

Kagunga, Ijumaa 6 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Kabati lile liliingizwa na wanaume wanne na halijasogezwa tangu nikiwa darasa la tano. Leonia aliingiaje nyuma yake, akiwa nani, mjusi?

Kamwamkie. Si lazima uombe radhi siku hiyo hiyo, wewe mwamkie tu.

Siku zinakwenda, mama. Zimebaki ishirini na nne.

Zuleha

Ujiji, Jumanne 10 Septemba 2024

Zuleha,

Kopo limepatikana. Mkufu upo na hereni zipo. Lilikuwa stoo, ndani ya lile sufuria dogo lenye mfuniko, la uji wa futari.

Sasa tuseme ukweli. Mtu anayesali na mama wa mwizi anaingia nyumbani kwangu, na wiki haijaisha kopo lililopotea miezi saba linaonekana. Hilo wewe huoni ajabu? Wamejua wanahama, wakaogopa nuksi ya mali ya marehemu, wakalituma lirudi. Mimi si mtoto mdogo.

Nimemlipa Caritas, nimemwambia aende zake, kazi imetosha. Jikoni nitapanga mwenyewe.

Mwanne

Kagunga, Ijumaa 13 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Barua yako ni fupi mno. Wewe ukiwa na haki huandika kurasa nne.

Caritas amenitumia ujumbe. Hakukulaumu hata kidogo, aliniomba radhi kwamba hakumaliza jikoni. Mwishoni akaongeza jambo ambalo hukuniambia: masufuria yote manne ya shughuli yalikuwa yameingizana, yamefunikwa turubai, na turubai limezungushiwa kamba. Alitaka kuikata kwa kisu. Ukamzuia. Ukainama ukaitazama kamba hiyo muda mrefu, kisha ukaifungua mwenyewe, ukamwambia atoke stoo.

Uliona nini, mama? Mimi nipo mbali, sina namna ya kuja kabla ya mwezi ujao. Nitakuuliza hili hili kila boti itakapokuja huko. Uliona nini?

Zuleha

Ujiji, Jumanne 17 Septemba 2024

Mwanangu Zuleha,

Niliona fundo langu.

Ni lile fundo alilonifundisha baba yako, la kufungia nyavu, linalopita chini mara mbili. Katika nyumba hii hakuna mwingine anayelijua. Hata Saad alishindwa kulijifunza. Kamba ile niliifunga mimi, jioni ya arobaini ya bibi yako, watu walipokwisha kuondoka. Nilichukua masufuria, nikaingiza dogo ndani ya makubwa, nikahisi lina uzito, nikajua ni vijiko. Nikafunika turubai, nikafunga. Juu yake nikarundika magunia, na baadaye nikarundika vingine, na vingine. Hakuna aliyegusa pale mpaka alipokuja Caritas. Angelirudishaje Caritas kopo ndani ya fundo langu? Nilijua hivyo tangu nilipoinama. Nikakuandikia uongo, nikautia saini. Mungu anisamehe.

Kuna zaidi. Kabla sijaandika barua ile, Caritas alikuwa bado uani anakusanya nguo. Akaniambia, "Mama, mapazia nimeyafua ejo, yamekauka vizuri." Mimi kwa hasira nikamjibu, utayafua kesho na tayari yamekauka? Akacheka. Akasema, "Mama, kwetu jana na kesho jina ni moja. Unajua kwa maneno yanayotangulia." Nikamuuliza mara mbili. Nikaketi chini, sakafuni, na miguu yangu hii. Yeye akadhani presha, akakimbilia maji. Na mimi bado nikampa ujira wake nikamwambia aende, kwa sababu sikuweza kumtazama usoni.

Gloriose hakusema atalichukua kesho, Zuleha. Alikuwa anamwambia mama yake kwamba ameliweka jana.

Na hili la mwisho sijawahi kumwambia mtu, na Saad hakuwepo siku hiyo. Gloriose alijitetea. Siku ile, mbele ya akina mama wa kisomo cha Kurani waliobaki kuosha vyombo, alisema: "Mama, jana nilikwambia, nimeliweka kwenye sufuria la futari, kwa sababu ya wageni wengi." Nikasema haya, tulione hilo sufuria. Tukaenda jikoni, halipo. Uani halipo. Mimi mwenyewe niliyelifungia stoo siku iliyotangulia nikawa sikumbuki limekwenda wapi! Nikasema liliazimwa na watu, nikasema anatunga. Nikachukua mkoba wake nikaumwaga uani. Zikaanguka nguo zake za ndani, zikaanguka na soksi za mtoto ambaye alikuwa bado tumboni. Hakukuwa na kopo. Nikasema ameshalipitisha.

Kama ningejua sufuria langu liko wapi, jambo lile lingeisha kwa dakika mbili, tungecheka. Naona aibu, mwanangu. Nimeshindwa kula tangu juzi.

Nimemtuma mtu kumwita Caritas arudi. Amekubali. Sikukaa kwenye kigoda.

Mama yako,
Mwanne

Ujiji, Jumatano 18 Septemba 2024

Kwa mkwe wangu,

Sijui nianze vipi, kwa hiyo naanza na lililo kweli. Kopo limepatikana mahali ulipolisema. Niliyelifungia stoo ni mimi. Hukuiba kitu, na mimi nilikuita mwizi nikakumwagia mkoba ukiwa na mimba ya mwanangu.

Neno ulilosema simuni sikulielewa. Nilidhani nalijua. Ningekuuliza tu, ungenijibu.

Sikuombi mrudi. Naomba nije Simbo nikupigie magoti kabla hamjaondoka, na nimwone mtoto kama utaniruhusu. Caritas ndiye anayekuletea barua hii. Nimemwomba asiseme lolote la kunitetea.

Mwanne, mama yake Saad

Simbo, Jumapili 22 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Barua nimeisoma, na Saad ameisoma. Yeye alilia. Mimi sikulia, nilikwisha kulia mwezi wa pili.

Usije Simbo kupiga magoti. Huku hakuna aliyekuona ukiniita mwizi, na magoti yako huku hayatanisaidia. Uliniita hivyo uani kwako, mbele ya wanawake wa kisomo. Wale ndio wanaokutana na mama yangu sokoni Mwandiga wakashika mikoba yao. Mama yangu hauzi tena siku ya soko, anasema amechoka, lakini mimi najua.

Alhamisi wanakuja kwako kusoma kama kawaida. Nitakuja. Sema mbele yao hilo hilo ulilolisema mbele yao, ila sasa lilivyo kweli. Kwa sauti ile ile.

Mtoto anaitwa Arakaza. Saad alitaka tumwite Mwanne. Nilikataa mimi, na leo ningekataa tena.

Gloriose

Ujiji, Ijumaa 27 Septemba 2024

Mwanangu Zuleha,

Assalaam alaykum. Nimemaliza, nakueleza kama lilivyokwenda.

Caritas alikuja tangu asubuhi. Tulimaliza jikoni juzi, kila kopo limeandikwa, chumvi iko kwake, sukari iko kwake. Nilimpikia Leonia chapati nikampelekea mwenyewe, nikamwambia mkasi ulikuwa nyuma ya kabati langu. Akaniambia, "Mwanne, miaka miwili!" Kisha akazichukua chapati. Jana alikuja kwenye kisomo.

Wakaja wote, kumi na tisa. Gloriose akaja na mtoto mgongoni, akakaa karibu na mlango. Hakuna aliyemkaribisha mkekani. Nikaona mmoja anavuta pochi yake karibu na goti, na mimi ndiye niliyemfundisha kufanya hivyo.

Tulipomaliza dua nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Jumatatu, yakapotea yote. Nikasema kwa sauti kubwa, kama siku ile. Nikasema huyu hakuiba. Nikasema alituambia sote kopo liko wapi, na niliyelifungia ni mimi, kwa mikono hii, na nilipofunguliwa macho nikadanganya tena siku saba. Nikawaeleza habari ya neno lile. Wengine wakacheka kidogo, Gloriose akawatazama, wakanyamaza. Nikawaambia atakayemwita mwizi kuanzia leo, yeye au mama yake, aje aniite mimi kwanza mwongo, na atakuwa amesema kweli. Kisha nikamgeukia yeye nikamwambia nisamehe, mwanangu.

Akasema, "Nimesikia, mama." Akamfungua mtoto mgongoni akaniwekea mikononi. Zuleha, ana masikio yako! Amenikamata kidole hiki cha kati hakukiachia mpaka mkono ukafa ganzi. Nilimshika mpaka adhana ya magharibi. Nilikuwa nimeandaa kopo lile nimpe, mkufu uwe wa mtoto. Alikataa kwa upole. Alisema mpe Zuleha amtunzie, mimi vitu vyako sitabeba.

Hakuja na mkoba. Vitu vya mtoto alivileta kwenye beseni la wazi, halina hata kitambaa juu. Mimi nilidhani mkoba umechakaa, nikawaza moyoni nitamnunulia mwingine kabla ya Jumatatu.

Wakati wa kuondoka wanawake walikuwa bado wanavaa viatu. Akasimama mlangoni, akaliweka beseni chini mbele yangu, akachuchumaa. Hakuambiwa na mtu. Akaanza kutoa kimoja kimoja na kukiweka juu ya kizingiti: nepi tatu, chupa ya maji, kikofia, mafuta, kanga moja. Akalipindua beseni tuone chini. Hakuwa na hasira wala hakuwa na chuki usoni, alifanya kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea, na mtoto mgongoni amelala. Kisha akaniambia, "Tazama, mama."

Nilitaka kumwambia usifanye hivyo. Lakini wanawake wote walikuwa wamesimama pale na kiatu kimoja mguuni. Basi nikatazama. Nilitazama mpaka aliporudisha nguo ya mwisho kwenye beseni, akalibeba, akaniaga, akaondoka.

Mama yako,
Mwanne